Bwana Afya na Nyumba Iliyonyweshwa Dengelua

Bwana Afya hakuwahi kuingia nyumba ya mtu moja kwa moja. Aliizunguka kwanza. Ukiwa jikoni ungeona kofia yake ikipita nyuma ya dirisha, ungesikia anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kisha kimya, kisha sauti nzito ikitokea upande wa choo: "Huku kuzuri, ila mfuniko mmeupeleka wapi?" Ndipo alipokuja mbele na kupiga hodi, kama mtu ambaye ndiyo kwanza anafika.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Chumba cha watoto hakipumui."

Hakujali kama mna msiba au mna harusi. Niliwahi kumwona kwenye harusi moja Kwamndolwa: bibi harusi anatolewa ndani, wanawake wanapiga vigelegele, na yeye yuko nyuma ya umati anamwonyesha baba mwenye nyumba mahali ambapo dirisha la pili lingekaa. Na baba mwenye nyumba, badala ya kumfukuza, anapima ukuta kwa shubiri!

Wakati ule hakuwa tena bwana afya wa mtu yeyote. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na yeye, baada ya kukagua vyoo na visima vya Handeni tangu ujana wake, alipunguzwa pamoja na wenzake. Alirudi Korogwe na baiskeli, kofia, na kiwanja chake cha Kwamndolwa. Cheo kilimfuata. Hata mkewe alimwita Bwana Afya mbele ya wageni, na nadhani hata wakiwa peke yao. Jina lake la kuzaliwa silijui mpaka leo na sikuona haja ya kuliuliza, mimi ambaye nilikuwa nauliza kila kitu.

Nilimjua vizuri mwaka ambao chuo chetu kilifungwa kwa mgomo, nikarudishwa nyumbani Ngombezi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge. Ilikuwa miaka ya ruksa. Redio mpya, mitumba mipya, maduka mapya, na kila shirika lililokuwa la umma lilikuwa linatafutiwa mnunuzi. Shamba letu la mkonge nalo lilikuwa linatoka mkono mmoja kwenda mwingine. Katikati ya kutoka na kwenda huko, kiwanda kilisimama, na kaka yangu, aliyekuwa mwendeshaji wa korona, ile mashine kubwa inayokamua majani ya mkonge na kubakiza nyuzi, alijikuta hana la kufanya kuanzia asubuhi mpaka jioni. Gongo ilijua njia ya kambini kuliko mnunuzi yeyote.

Nilipofika nilimkuta Kaka hawezi kushika kikombe. Mama alikuwa amemaliza kila njia aliyoijua: ameomba, ameombewa, amemwaga, ameficha viatu vyake. Mwisho wajomba zetu walikata shauri. Walimfungia kwenye chumba cha uani, chumba cha mabati juu na mabati ubavuni, wakaweka kufuli, wakasema atatoka akiwa mtu.

Mchana wa siku ya pili, Bwana Afya akapita kambini. Akazunguka nyumba, kama kawaida yake. Alipofika kwenye kile chumba akaweka kiganja kwenye bati, akakitoa upesi.

"Mnaoka mkate humu?"

"Kuna mgonjwa," Mama akasema.

"Mgonjwa? Mama, huyu mnamkaanga! Lete ufunguo."

"Wajomba zake wameondoka nao."

Hakuuliza tena. Alichukua nyundo ya kupondea mawe iliyokuwa pale uani, akapiga bawaba mpaka mlango ukalala wenyewe. Kaka alitoka akitambaa, shati limemganda mgongoni, anatetemeka kama anapigwa na baridi. Bwana Afya alimwagia maji kichwani, akamkalisha nyuma ya baiskeli, akajifunga naye kwa kanga ya Mama ili asianguke, akaondoka naye kwenda kwa tabibu wa zahanati.

"Mtu kama huyu si wa kufungiwa," alipayuka huku anakanyaga pedali. "Mtetemeko huo unaua! Kwanza tabibu, halafu hewa!"

Hivyo ndivyo Kaka alivyokuwa mtu wa kwanza wa nyumba ambayo ilikuwa bado haijajengwa.

Bwana Afya alikuwa ameiwaza nyumba hiyo kwa muda mrefu. Handeni alikuwa ametumwa mara nyingi kwenda na mgambo kuvunja mitambo ya gongo. Walifika, wakapiga mapipa, wakamwaga, wakaandika ripoti. Wiki iliyofuata mtambo ulikuwa umehamia ng'ambo ya kijito. "Nimemwaga pombe ya kutosha kuendesha kiwanda," aliniambia, "na sijawahi kumwona mlevi aliyeacha kwa sababu mimi nimemwaga." Alichoona ni jambo lingine: waliotaka kuacha hawakuwa na pa kukaa wakati wanaacha. Nyumbani kuna joto, kuna kelele, kuna rafiki anayepiga mluzi dirishani. Basi alitaka ajenge nyumba ambayo yenyewe, kwa kuta zake na paa lake, ingemsaidia mtu kukaa. Na alitaka usikatwe mti hata mmoja kwa ajili ya kuchomea tofali, kwa kuwa alikuwa ameona misitu ya Handeni ikigeuka magunia ya mkaa kando ya barabara, na jambo hilo lilimkera kuliko gongo.

Ukimsikia akieleza ungedhani tayari anaishi humo. Alitembea kiwanjani Kwamndolwa kwa hatua ndefu, anarusha majivu hewani kuona upepo unakoelekea, anapiga mayowe. Hapa upande wa jua la jioni hakuna dirisha hata moja. Hapa wekeni stoo na mabafu, yapigwe na jua yenyewe. Vyumba vitazame uani. Dirisha la chini liingize hewa ya baridi, tundu la juu litoe ya moto. Maji ya mvua yashuke kwenye tangi la saruji, maji ya kuogea yaende kwenye migomba. Choo kiwe na bomba refu la kutolea harufu. Tofali zisichomwe, zishindiliwe kwa mashine ya mkono, udongo na saruji kidogo. Na juu lisiwekwe bati.

"Kwa nini lisiwekwe bati?" niliuliza.

"Umewahi kulala chini ya bati mvua ikinyesha?"

"Kila mwaka."

"Sasa lala huku unatetemeka na kila sauti inakupasua kichwa. Ngoma ya nani hiyo?"

Alikuwa na jibu la paa. Chini ya korona za mkonge huanguka nyuzi fupi ambazo hakuna anayezitaka. Ukizichanganya na mchanga na saruji, ukamimina kwenye kalibu, unapata vigae. Vizito kidogo, lakini kimya na vya baridi. Malighafi ilikuwa inaoza Ngombezi, na waliokuwa wanaijua kuliko wote walikuwa wamekaa kwenye klabu za pombe bila kazi.

Sikumwamini. Nilikuwa nimesikia mipango mingi mizuri katika nchi hii, nikaona mingi ikiishia kwenye jiwe la msingi. Nilimuuliza ni nani amethibitisha kwamba ukuta wa udongo unamtuliza mtu. Wengine walionizidi umri wangeniambia nikae kimya. Bwana Afya alisugua mikono.

"Uliza tena, kwa sauti, wengine nao wasikie."

Kesho yake akaleta sahani mbili za samli, aliyoipata kwa wafugaji. Moja akaiweka kwenye banda la mabati la jirani, nyingine kwenye kibanda cha majaribio alichokuwa amekijenga kwa tofali zake. Saa nane mchana tulikwenda kuangalia. Ya kwenye bati ilikuwa mafuta matupu, inzi wanaogelea. Ya kwenye udongo ilikuwa imesimama, imelainika pembeni tu.

"Haya, msomi!"

"Haithibitishi kitu," nikasema. "Sahani moja ni ya bati, nyingine ya udongo. Na banda limefungwa, kibanda kiko wazi."

Watu waliokuwa wamekusanyika wakaguna. Mmoja akasema, "Huyu binti alizaliwa akimuuliza mkunga vyeti." Lakini Bwana Afya alikuwa anaruka ruka. Tukabadilisha sahani, tukafunga milango yote miwili, tukasubiri mchana mwingine. Samli ya kibandani ikasimama tena. Nilikubali kuhusu joto. Kuhusu watu sikukubali: mtu si samli. "Vizuri," akasema, "lingine hilo, litajibiwa na kaka yako."

Na si kwamba kila alichokigusa kilifaulu. Alichimba shimo la kutengenezea gesi ya kupikia kutokana na kinyesi cha ng'ombe, akaalika mtaa mzima kuja kuona moto ukiwaka, na shimo likatoa mlio mmoja kama wa mzee anayecheua, basi. Halikuwaka siku ile wala siku nyingine. Alilifukia, akapanda papai juu yake, na ukimuuliza habari za gesi alikuonyesha papai.

Mara nyingine swali langu lilimrudisha mwanzo. Nilimuuliza hivi: jioni, saa ile klabu zinapofunguliwa na kila mlevi wa Korogwe anaanza kusikia miguu inamwasha, watu wako watakuwa wanafanya nini? Umewawekea upepo, umewawekea migomba, umewapa kitu gani cha kushika mkononi? Alisimama. Alizunguka kiwanja chote. Kisha akang'oa kamba za msingi zilizokwisha kupimwa na kuanza upya. Jiko, ambalo alikuwa amelisukumia nyuma, akalileta katikati ya ua, la wazi pande zote, majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo, nafasi ya kila mtu kukaa akamenya kitu. Jioni ingekuwa saa ya kupika, wote, bila mpishi wa kuajiriwa. Mpaka leo nadhani hicho ndicho kilikuwa chumba bora cha nyumba ile, na hakikuwa na ukuta.

Jambo moja tulibishana na hatukuafikiana mapema: kufuli. Mlango wa mbele hakuutaka uwe na kufuli kwa nje.

"Watatoroka," nikasema.

"Watatoroka tu, hata ukiwafunga. Nataka anayerudi akute mlango unasukumika."

Sasa niseme na yale ya upande mwingine, maana alikuwa na visa vyake. Aliyekagua madirisha ya tarafa nzima alilala na dirisha lake limefungwa na kuzibwa matambara, kwa sababu aliogopa baridi ya alfajiri. Alihubiri maziwa na matunda, yeye akashindia mihogo mikavu na chai ya rangi. Alikuwa Mwislamu ambaye tone la pombe halijawahi kugusa ulimi wake, na walevi walimtania sana kwa hilo. Lakini mfukoni alikuwa na kikopo cha ugoro, na hakumaliza sentensi tatu bila kukifungua. Alivuta kwa pua hii, akavuta kwa hii, akapiga chafya, macho yakamtoka machozi, kisha akaendelea kukueleza ubaya wa mazoea.

"Bwana Afya, na hicho?" Kaka alimuuliza siku moja, wakati anaanza kupata nguvu.

"Hiki ni dawa ya mafua."

"Mafua yako yana umri gani?"

"Fyatua tofali wewe."

Kaka alifyatua. Ndani ya miezi ya kiangazi kile walikuwa wamefika wanaume kadhaa, wengi wa kambi zetu, wengine wametumwa na tabibu, na wakaijenga nyumba huku wakilala kwenye kile kibanda cha majaribio na kwenye baraza. Mikono iliyokuwa haishiki kikombe ikaanza kushika koleo. Mama alikuja kila Jumapili na maandazi, akakaa pembeni akimtazama mwanawe, hasemi kitu, kama mtu anayeogopa kwamba akisema ataamka ndotoni. Baba alikuwa amekufa kwa pombe hiyo hiyo. Mama hakuwa na mtoto mwingine wa kiume, na alikuwa ameniambia waziwazi kwamba hana nguvu ya kumzika na huyu.

Kuta zikasimama, kenchi za kubeba paa zikapanda. Vikabaki vigae. Kupandisha vigae vyote vile kwa mikono michache kungechukua mwezi, na mvua zilikuwa karibu, kwa hiyo Bwana Afya akaita msaragambo. Kwetu kazi kama hiyo hualikwa kwa mbiu: mtaa unajitokeza, unafanya kazi asubuhi mpaka mchana bila malipo, na kesho ukihitaji wewe, unaita.

Loo, siku ile! Watu walikuja mpaka wa Ngombezi. Vigae vilipita mkono kwa mkono kutoka kwenye marundo mpaka kwenye ngazi, kutoka ngazi mpaka juu, na juu kabisa alikuwa Kaka, miguu huku na huku ya kenchi, anavipokea na kuvipanga, anaimba wimbo wa kiwandani kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa darasa la tano. Mama alisimama chini ya ngazi, mkono kifuani. Bwana Afya alikuwa kila mahali. "Kimoja juu ya kingine! Usikibamize, ni kigae, si mkwe wako!" Jua lilipofika utosini, mstari wa mwisho ukafungwa. Vigelegele.

Na vigelegele vingine vikajibu kutoka barabarani.

Alikuwa jirani yetu mmoja, mama mkarimu sana, ambaye kwa kazi yake wote walimwita Mama Dengelua. Alikuwa anakuja na wenzake, ndoo vichwani, vikombe vya kibuyu vikining'inia, povu linachungulia. Dengelua, pombe ya miwa. Kila mtu katika nchi ile anajua kwamba msaragambo humalizwa kwa pombe. Ni jambo linalojulikana kiasi kwamba hakuna mtu anayelitaja, na kwa sababu hakuna aliyelitaja, Bwana Afya, aliyewaza jua na upepo na mvua na inzi, hakuliwaza hili kamwe. Yeye hakunywa, kwake msaragambo ulikwisha kazi ilipokwisha.

"Mama," akasema, "hii ni nyumba ya watu wanaoacha."

"Najua, Bwana Afya. Si ndiyo maana sikuleta gongo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Irudishe, mama yangu, nakuomba."

"Niirudishe?" Alitua ndoo chini, akashika kiuno. "Watu hawa walinijengea banda langu, nikawanywesha. Leo wamebeba mawe haya tangu asubuhi, mimi nipite nao njiani na ndoo narudi nazo nyumbani? Nikiita mimi kesho, atakuja nani?"

"Koo zimekauka, Bwana Afya," sauti moja ikatoka kwenye kundi. "Wewe hujaonja hata tone, kiu ya msaragambo utaijulia wapi?"

"Sijazaa vilevile, na leba nimekagua!"

Nilitazama juu. Kaka hakuwa ameshuka. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa paa, ameshika papi, ule ubao wa kushikilia vigae, kwa mikono yote miwili, macho kwenye ndoo. Mama aliona. Alikwenda akakaa chini kabisa, kwenye kipago cha kwanza cha ngazi, kwamba akishuka ashukie juu yake.

Hapo Bwana Afya akaona lile tuta la udongo lililoandaliwa kwa ajili ya lipu ya ndani, limechimbwa katikati, linasubiri maji. Uso wake ukawaka.

"Nani amefanya kazi kuliko wote leo?" akapayuka. "Nani amebeba vigae vyote, na bado amebeba, na atabeba mpaka mvua zije ziende? Nyumba! Basi inywe nyumba!"

Mama Dengelua alimtazama, akafikiri, kisha akapasuka kicheko. Heshima yake ilikuwa imesalimika: aliyefanya kazi amenyweshwa. Aliinua ndoo ya kwanza mwenyewe, akamimina. Wenzake wakafuata. Watu wakaingia kwenye udongo kwa miguu, wanaukanyaga na kucheza, tope linawaruka mpaka mapajani, wanaimba "inywe, inywe!" Waliolalamika walipewa chai na wali wa maharage, wakalalamika huku wanakula. Jioni kuta zote za vyumba vya kulala zilikuwa zimepigwa lipu. Kaka alishuka. Mama akamshika mkono kama mtoto. Nami nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

Tulikuwa tumepaka pombe kwenye kuta za nyumba ya walevi.

Ukuta ulipoanza kukauka, ukaanza kunuka. Sukari ya miwa ikachachuka upya ndani ya udongo. Sisimizi wakaja kwa misafara, nyuki wakaja. Ukifungua mlango wa chumba asubuhi ungedhani umefungua klabu. Na lile tundu la juu, la kutolea hewa ya moto, lilifanya kazi yake vizuri sana: liliisambaza harufu ua mzima. Mmoja wa wanaume akaondoka bila kuaga. Nilimwendea Bwana Afya, nikamwambia.

"Mimi sinusi kitu," akasema.

"Kila mtu ananusa."

"Ni udongo mbichi. Thibitisha."

Alfajiri moja tulifika na Mama tukakuta kitanda cha Kaka kitupu. Bwana Afya alikuwa ameshapanda baiskeli kwenda kumtafuta kwenye klabu, moja baada ya nyingine. Mama alikaa kizingitini. Hakulia. Alifunga kitambaa chake upya, akakifungua, akakifunga. Ndipo tuliposikia mkwaruzo kutoka chumba cha mwisho, krr, krr, krr.

Kaka alikuwa huko na jembe, peke yake, amejaa vumbi mpaka kope, anaubandua ukuta.

"Nalala na klabu puani kila siku," akasema bila kugeuka. "Ama hii lipu iondoke, ama mimi."

Bwana Afya alirudi akihema. Aliona, akaweka uso ukutani, akavuta pumzi kwa nguvu, akavuta tena. Akatikisa kichwa; hakunusa kitu kweli.

"Utanusa wapi?" Kaka akamwambia. "Pua yenyewe umeishindilia ugoro, umeishindilia kuliko tofali."

Sikuwahi kusikia mtu akimsemesha mzee yule hivyo. Mama alishika mdomo. Bwana Afya alitoa kikopo mfukoni, akakitazama, akamkabidhi Kaka. "Nishikie." Kisha akachukua jembe jingine, akaanza kubandua upande wa pili.

Ilichukua wiki nzima kuiondoa lipu yote. Mpya ilikandwa kwa maji ya tangi, chokaa na nyuzi fupi za mkonge, na haikunuka chochote ila mvua. Wiki hiyo ilikuwa ngumu kwa Bwana Afya kuliko kwa mtu yeyote. Alikuwa mkali, mikono haitulii, anasahau maneno katikati. Jioni alimwendea Kaka pale jikoni.

"Nipe kidogo. Kunusa tu."

"Kaa hapo umenye viazi."

"Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Menya viazi, mwenye nyumba."

Akamenya. Hakuacha ugoro, lazima niseme ukweli. Aliacha, akarudia, akaacha, akamwibia mkewe hela ya chumvi akanunua, akaacha. Lakini tangu wiki ile hakuwahubiria tena watu wake. Mtu akitoroka na kurudi hakumuuliza alikuwa wapi. Alimsogezea kigoda.

Chuo kilifunguliwa, nikarudi Dar es Salaam. Kaka alikaa mpaka migomba ikazaa, kisha mnunuzi wa shamba akawasha korona, akaitwa kazini. Miaka ikapita. Nilipata kazi. Kila likizo nilimkuta Kaka ni yuleyule, mnene kidogo, anajifanya mkali. Kisha Mama akafariki. Tulimzika Ngombezi, na kabla matanga hayajaondolewa, Kaka alikuwa amelewa. Akalewa kesho yake. Alipoacha kwenda kazini, nikatumiwa habari, na nilipofika chumba chake kilikuwa wazi na yeye hayupo. Nilikwenda Kwamndolwa. Nyumba ilikuwa inaendeshwa na watu wengine sasa, imejaa, inapumua vizuri. Kaka hakuwa amefika. Bwana Afya naye, wakasema, alikuwa amehamia Kwaluguru, upande wa Handeni, kwenye mashamba ya ukoo wa mkewe.

Nilikwenda Kwaluguru kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuuliza. Njiani nilijiandaa kusikia Kaka amekufa.

Nilimkuta Bwana Afya amesimama juani, amekuwa mwembamba, jicho moja lina ukungu, na mbele yake msingi mpya na kuta zilizofika kwenye linta, juu ya madirisha. Nilimwamkia.

"Marahaba, marahaba! Njoo uone! Hawa wafugaji wa huku wana vijana wao wameharibika kwa gongo, wamenifuata wenyewe, wametoa ng'ombe wakauza, wametoa na vijana! Upepo wa huku ni mwingine kabisa, nimegeuza..."

"Bwana Afya. Kaka yangu."

Alielekeza kidole bondeni.

Alikuwa kule, na vijana watatu wa Kimaasai wenye rubega zilizojaa tope, kwenye mashine ya tofali. Alikuwa amekonda. Alikuwa anabishana na mmoja wao kwamba udongo una maji mengi, anaufinya ngumini, anaudondosha, anamwonyesha unavyotandaa. Mkono ulikuwa hautetemeki. Nilikaa chini kwenye kifusi.

"Alifika hapa amelewa hajielewi," Bwana Afya akasema. "Tukampeleka kwa tabibu, akaja kutetemekea pale." Alionyesha turubai lililofungwa kwenye miti miwili, limechanika ubavuni. "Nikamwambia, mwanangu, sina nyumba ya kukuweka, ndiyo kwanza nimepima msingi. Akasema basi atakaa anasubiri. Kusubiri akachoka, akaanza kuchimba. Tangu hapo hajagusa."

"Tangu msingi?"

"Tangu msingi."

Nilitazama kuta, nikatazama turubai, na ikanijia furaha ile ile ya zamani ya sahani za samli.

"Bwana Afya, ngoja. Ameacha bila nyumba."

"Eeh?"

"Hana dirisha la chini. Hana tundu la juu. Hana kigae. Analala chini ya turubai ambalo mchana ni moto kuliko bati la wajomba zangu, halafu ameacha! Nadharia yako yote ya nyumba..."

Aligeukia turubai, akageukia kuta, akageukia turubai tena. Kisha kikamtoka kicheko ambacho kilimkunja mpaka akanishika bega ili asianguke.

"Umenipata!" akasema, machozi yanamtoka. "Miaka yote hii unanitafuta, leo umenipata!"

Kule bondeni Kaka alisikia kelele, akainua uso, akanitambua. Alianza kupanda mlima akikimbia, mikono yote tope. Bwana Afya alijifuta macho upesi, akanivuta karibu.

"Lakini usimwambie," akaninong'oneza, "mpaka tupandishe paa."